Hewa Huungua, na Mimi Nilicheka

Jumapili, Julai. Baridi ya kuuma masikio, na wingu limeshuka hadi kwenye matangi ya maji juu ya paa. Jua halijaonekana tangu Alhamisi.

Nimerudi kutoka mkutanoni nikiwa nimeshindwa. Nimewahi kushindwa na diwani, na mwenye nyumba, na kampuni ya maji, lakini kila mara nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ni blanketi. Leo nimerudi mikono mitupu. Nimekaa jikoni na koti langu, na ninaandika kwa sababu sijui kufanya kitu kingine.

Wanaosoma ukurasa huu wangu wa mtandaoni wananijua kwa mdomo. Nimegombana humu na wanasiasa, wachungaji, wahariri, na mwanamume mmoja wa Buruburu aliyesema wanawake hawajui kuendesha kamati. Kwa hiyo hili ninaloandika leo litawashangaza. Nilikosea. Na aliyelipia kosa langu si mimi.

Nyuma ya jengo letu hapa mtaa wa Umoja kuna dobi kubwa, karakana ya kufulia inayofua mashuka ya hoteli na zahanati. Ina boila moja ndogo ya kutengeneza mvuke. Kwenye mdomo wa boila kuna bana, yaani kile kichomeo kinachopuliza dizeli pamoja na hewa hadi vishike moto. Dohani yake ni fupi, inaishia usawa wa ghorofa ya tatu.

Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Nakaa na Ndinda.

Ndinda ni mdogo wangu, kitinda mimba. Mama alifariki Ndinda akiwa na miaka minne na mimi nikiwa chuo cha ualimu, nikamchukua. Hadi leo ananiita mwaitu, ambalo kwa Kikamba ni mama, ingawa ana miaka thelathini na nane na anapotaka kuniudhi huniita "Mwalimu" kama jirani yeyote. Ni fundi cherehani. Anashona sare za shule. Tangu utotoni kifua chake ni chepesi kubana, lakini alikuwa amekizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaogoma kufunguka: unausukuma kwa bega na maisha yanaendelea.

Miaka miwili iliyopita dobi ile ilikuwa ikitoa moshi mweusi kila asubuhi. Masizi yalianguka kwenye nguo, kwenye maziwa, kwenye nywele za watu wakienda kanisani. Nikaanzisha vita. Niliwaambia wanawake wa jengo letu na majengo mawili ya jirani kwamba kila Jumatatu tuanike shuka jeupe kwenye veranda, na jioni tulibebe jinsi lilivyo hadi langoni kwa mwenye dobi. Hatukupiga kelele wala kurusha mawe. Tuliyakunjua mbele yake tu. Kila Jumatatu mashuka yalikuwa na madoa kama uso wenye tetekuwanga. Kazi yake mwenyewe ni kufua mashuka. Aibu ilimwingia hadi kwenye mifupa.

Lilikuwa wazo zuri. Bado naamini lilikuwa wazo zuri, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo.

Mhudumu wa boila wakati huo aliitwa Muthiani. Mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, aliyekaa na boila ile miaka kumi na tisa. Kwenye mkutano wetu mkubwa alikuja bila kuitwa, akaomba kusema. Akasema moshi ni mbaya kweli, yeye ndiye anayeumeza wa kwanza. Lakini akaomba tusimshurutishe mwenye dobi aufukuze haraka haraka, kwa sababu njia ya haraka ni kufungua mlango wa hewa wote, na bana ile ni ya zamani. Moto utageuka mkali sana. Na moto ukiwa mkali sana, alisema, unachoma hata hewa yenyewe, na hewa iliyoungua haionekani lakini inakula kifua.

Nakumbuka nilivyosimama. Nakumbuka hata blauzi niliyovaa.

"Mzee Muthiani," nilisema, "mimi nimefundisha watoto miaka ishirini. Kuni zinaungua. Makaa yanaungua. Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba hewa inaungua. Nani amekutuma?"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Usiku huo niliandika humu makala ndefu juu ya mtu aliyesema hewa inaungua, kibaraka anayekingia mkono tumbo la tajiri. Ilisomwa sana. Watoto wakaanza kumwita Choma Hewa. Jina lilimfuata hadi dukani, hadi kwa kinyozi.

Wiki tatu baadaye mwenye dobi alimwachisha kazi, kwa maelezo kwamba yeye ndiye aliyesababisha moshi. Nilishangilia hilo pia. Akaleta fundi kijana kutoka mjini, na fundi yule akafungua mlango wa hewa wote na kuweka mdomo mkubwa zaidi wa kupuliza dizeli, maana dobi ilikuwa imepata wateja wapya. Moshi ukaisha siku moja. Jumatatu iliyofuata mashuka yetu yalishinda nje mchana kutwa na jioni yalikuwa meupe kama yalivyotoka kabatini. Tulipiga vigelegele ngazi zote tatu. Mama Wanjiru, mwenyekiti wetu, anayeuza mboga pale chini, alinunua kreti nzima ya soda.

Nami nikafanya jambo ambalo nimelirudia kichwani kila siku mwezi huu. Nilibeba cherehani ya Ndinda kutoka sebuleni nikaiweka kwenye veranda ya nyuma, inayotazama dohani, kwa sababu pale mwanga ni mzuri na sasa hewa ilikuwa safi.

Ni mimi niliyeibeba. Yeye alishika meza tu.

Kifua chake kilianza kufunga baada ya miezi michache. Kwanza asubuhi tu. Kisha asubuhi na jioni. Pampu ya kuvuta dawa iliyokuwa ikimkalisha miezi mitatu ikawa inaisha kwa wiki. Mimi, bingwa wa kupata mkosaji, nikawa na wakosaji tele. Nililaumu vumbi la barabara. Nililaumu rangi za vitambaa. Niliandika makala kali juu ya moshi wa jaa la Dandora upepo unapogeuka, na makala ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno, ila haikumhusu Ndinda. Daktari alipotuuliza kama kuna moto wowote karibu na nyumba, nilimjibu kabla Ndinda hajafungua mdomo. Nilisema ulikuwapo, tukaushinda.

Nilisema kwa fahari. Daktari aliandika "hakuna".

Mwezi wa tano nilimpeleka kwa kaka yetu, kijijini Mwala, apumzike. Baada ya wiki mbili alikuwa analala chali, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mwaka jana. Nikuambie ukweli, msomaji, ambao sijamwambia mtu mwingine: kila nilipopiga simu nilikuwa nasikiliza kama atakohoa, na kuna pembe ya moyo wangu iliyotaka akohoe. Angekohoa kule, lingekuwa ni vumbi, au ukoo, au Mungu. Lisingekuwa veranda.

Hakukohoa.

Akarudi siku moja tu kuchukua vitambaa vya mteja. Alifika Jumapili jioni, akala vizuri, akanitania kuhusu mvi zangu. Jumatatu asubuhi boila ikawashwa. Hakukuwa na moshi hata uzi. Juu ya dohani hewa ilitetemeka kidogo tu, kama juu ya lami saa saba mchana. Kufikia saa nne Ndinda alikuwa ameketi sakafuni amekumbatia mguu wa cherehani, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kwa mabega. Nilimbeba mgongoni ghorofa tatu kwenda chini. Sikujua bado nina nguvu hizo.

Alirudi Mwala siku ya Jumatano. Nami nilikwenda kumtafuta Choma Hewa.

Ana kibanda karibu na soko la Mutindwa, anatengeneza majiko ya gesi na ya stima. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa hata na majibu. Alinivutia ndoo niketi.

"Mwalimu," alisema, "karibu. Jiko limeharibika?"

Nilimwambia kuhusu Ndinda. Alisikiliza huku anakwangua kutu kwenye kipande cha bomba. Nilipomaliza hakusema "nilikwambia". Ningependa angesema. Aliwasha jiko moja la gesi, akabana hewa hadi mwali ukawa wa njano, akaweka sufuria juu yake. Sufuria ikashika masizi. Akafungua hewa, mwali ukawa wa buluu, mkali, unaunguruma. Sufuria nyingine safi aliyoweka haikushika kitu.

"Sasa funga huo mlango, weka uso hapa juu," akasema. "Usiweke sana."

Pua iliwasha, nikarudi nyuma.

"Sufuria imeona nini?" akaniuliza. "Haijaona kitu. Wewe je?"

Nimesoma vitabu vingi maishani, na sijawahi kufungua hata kimoja kinachoeleza moto. Nimefungua sasa. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, kitu kipole kisichogombana na mtu. Inaingia kifuani na kutoka bila kugusa chochote. Lakini ipitishe ndani ya moto mkali kupita kiasi, nayo hushikana na oksijeni, zikatoka pamoja dohani zikiwa gesi nyingine, oksidi za nitrojeni, ambazo hazina masizi, hazidondoki kwenye nguo, na zinachubua njia za pumzi. Asubuhi ya baridi, hewa ikiwa imetulia, zinabaki palepale chini. Usawa wa ghorofa ya tatu, kwa mfano.

Hewa huungua. Mzee aliyetoka shule darasa la saba alijua. Mimi nilicheka.

Alinieleza dawa yake, na si ya miujiza. Kuna bana za siku hizi zinazorudisha sehemu ya moshi uliokwisha kuungua ndani ya moto, ili moto upoe kidogo. Kuna zinazogawa hewa mara mbili, dizeli ikaungua kwa hatua badala ya kwa pupa. Na hata hii ya zamani inaweza kutulizwa: irudishiwe mdomo wake mdogo, boila isilazimishwe kazi ya boila mbili, na aje fundi mwenye kipimo cha kunusa dohani, apange hewa isipungue ikaleta masizi wala isizidi. Dohani nayo iongezwe urefu.

"Maharagwe hayapikwi kwa hasira, Mwalimu," alisema. "Hata boila."

Nilimwomba aje mkutanoni leo awaeleze watu. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilishaongea," akasema. "Niliongea siku ile. Sasa zamu yako."

Kwa hiyo leo, baada ya ibada, tulikusanyika kwenye darasa la chekechea kama kawaida, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Nilisimama. Nilisema nilikosea. Nilisema Mzee Muthiani alikuwa sahihi, na kwamba jina lile nililoliandika mimi lilikuwa uonevu. Nilieleza moto, nitrojeni, kifua cha Ndinda. Niliomba twende tena langoni, safari hii kuomba bana mpya na kipimo.

Kisha sauti kutoka nyuma, ya mama mmoja wa jengo la jirani: "Mwalimu, umeoshewa mapazia bure?"

Kicheko. Nilikijua kicheko kile. Nilikitengeneza mimi.

"Tunapigana na kitu hatuoni?" akasema dereva mmoja wa bodaboda. "Hiyo si mkutano, Mwalimu, hiyo ni ibada. Na ibada tumetoka saa hii."

"Choma Hewa amepata mke," mwingine akadakia, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Mama Wanjiru alipiga meza. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mizani ambayo amekuwa akiiamini.

"Mwalimu, sisi tulikufuata," alisema. "Ulituambia tutoe mashuka, tukatoa. Ukatuambia huyo mzee ni kibaraka, tukamfukuza na macho kila akipita. Mimi nilikataa kumuuzia mboga ya sukuma. Sukuma, Mwalimu. Sasa leo unaniambia nini, nimwambie nini Mungu?"

Miaka yote hii nimewafundisha watu hawa jambo moja: anayesema kinyume nasi amenunuliwa. Wamelishika vizuri. Ningewapa alama zote.

Walipiga kura kwa mikono. Mikono iliyoinuka kuniunga mkono ilikuwa mitatu, na mmoja ulikuwa wangu. Ajenda ikahamia kwenye taka.

Nje, mwanamke mmoja ambaye hakuwa amesema neno alinivuta mkono kando ya lango. Mama mkwe wake anakaa naye, chumba cha nyuma, dirisha linatazama dohani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo kitu isiyoonekana ndiyo inayomfanya kikongwe yule akae kitako akitafuta pumzi kila asubuhi kabla jua halijapanda.

"Sijui," nilimwambia. "Huenda ni hiyo, huenda ni kingine. Fungeni dirisha la upande ule boila ikiwaka, na mpelekeni hospitali mseme kuna dohani."

Nafikiri ni mara ya kwanza mtu wa mtaa huu kunisikia nikisema sijui. Alinishukuru. Mkono wa pili ulikuwa wake.

Nilikuwa bado kwenye ngazi simu ilipolia.

"Mwaitu, mkutano umekuwaje?" Ndinda. Sauti yake siku hizi ina nafasi ndani, kama chumba kilichotolewa samani. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalalamika. "Shule mbili zimeagiza sare. Ya Komarock na ile ya hapo kwa kona. Wanataka kabla ya kufungua. Nimemwambia kaka anitafutie gari la kesho kutwa."

Nilikaa kwenye ngazi.

Wateja wake wako hapa. Miaka kumi na mbili amewajenga, mmoja mmoja, kwa mshono ambao haufumuki. Kule Mwala kuna mafundi wanne na shule moja. Na mimi nipo hapa. Kabla ya mwezi wa tano sikuwa nimekaa bila yeye tangu nikiwa na miaka ishirini na moja. Bado sijui hata chai ya mtu mmoja inapimwaje. Nilichotaka kusema ni njoo. Tutarudisha cherehani sebuleni, tutafunga madirisha, tutaona. Neno "tutaona" lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Lakini nimeshawahi kuwa na uhakika juu ya pumzi ya mtu mwingine.

"Usirudi," nilisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui. Bana ni ileile. Nimeshindwa leo, Ndinda. Watu watatu, pamoja na mimi."

Akacheka kile kicheko chake kifupi. "Mwalimu ameshindwa na amekubali. Lazima unaumwa wewe." Kisha sauti ikabadilika. "Na sare je?"

"Nitawaambia watafute fundi mwingine."

Nilisikia anavuta pumzi na kuitoa, polepole, bila mluzi, bila mkwaruzo, pumzi ya mtu mzima ambaye hana sababu ya kuihesabu. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu, na ilikuwa inalia.

"Sawa, mwaitu," akasema.

Boila huwashwa saa kumi na mbili na nusu. Mwenye dobi hufika saa moja. Baada ya simu ile nilishuka tena hadi kwa Muthiani kabla ya kupanda kuandika haya, nikamwambia kura ilivyokwenda, na kwamba nitasimama langoni asubuhi hata kama ni peke yangu, kuomba kile ambacho yeye alikuwa akiomba wakati mimi nikichekesha watu. Hakuniahidi kuja. Aliniuliza tu kama ninajua kueleza tofauti ya mdomo mdogo na mdomo mkubwa bila kumtukana mtu.

Nilimwambia nitajaribu. Akanieleza tena, mara mbili, tangu mwanzo, nami nikaandika kila neno alilosema.